Tathmini ya huduma ya ulinzi wa watu wazima Pemba: waliomsikiliza shangazi yangu kabla ya kunisikiliza mimi

Kwa muda wa miezi mitano, tangu kipupwe hadi mvua za vuli, shangazi yangu alikuwa akihudumiwa na kituo kimoja cha hapa Pemba kinachoshughulikia ulinzi wa watu wazima walio katika hatari ya kudhulumiwa, yaani wazee, watu wenye ulemavu, wagonjwa wa akili na wengine ambao, kwa hali zao, hawawezi kujikinga peke yao na mtu anayewatesa au anayewala mali zao. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wale wenye mzazi, shangazi au jirani wa namna hiyo, wanaojiuliza kama inafaa kuwaendea watu wasiowajua kwa jambo ambalo wengi wetu tungefunika kombe mwanaharamu apite.

Kituo sitakitaja kwa jina, wala shehia, yaani mtaa wenye sheha wake, anayoishi shangazi. Pemba ni ndogo. Ukitaja shehia, umri wa mtu na idadi ya mikarafuu yake, umeshamtaja. Anayehitaji huduma ya aina hii aanze kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya yake, au kwa sheha, naye ataelekezwa. Huduma ni ya bure na hatukudaiwa hata nauli ya afisa aliyekuja nyumbani.

Shangazi ana miaka 76. Anaishi katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, anasuka ukili na mikeka, na kila mwezi anapata pensheni jamii, ile ambayo Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kuwalipa wazee wenye umri wa miaka 70 na zaidi mwaka 2016 kwa kiwango cha shilingi 20,000, na ambayo sasa ni shilingi 50,000. Jicho lake la kulia limeingia ukungu na la kushoto linafuata. Nyumbani yupo yeye na mjukuu wake wa kiume wa miaka 20, ambaye amemlea tangu mtoto huyo akiwa na miaka sita. Kijana ndiye aliyekuwa akishika kitambulisho cha bibi yake, yeye ndiye aliyekuwa akizishika fedha za pensheni na kumpa bibi kiasi alichokitaka mwenyewe, na karafuu za msimu uliopita aliziuza bila ya bibi kuona hata risiti. Mwezi wa sita walibishana kuhusu shilingi 10,000, kijana akamsukuma, shangazi akaangukia kizingiti na kiwiko kikavimba. Mimi nilipata habari siku tatu baadaye, kwa mtoto wa jirani, na si kwa shangazi.

Kabla ya kufika kwenye kituo hiki tulipitia ofisi nyingine, ambayo nayo sitaitaja. Pale shangazi alisimulia mkasa wake kwa watu watatu, katika meza tatu, na meza ya tatu ilikuwa karibu na mlango ambapo watu waliosubiri huduma nyingine walikuwa wakisikia kila neno. Kila aliyemsikiliza alimuuliza kwa nini hakusema mapema. Alipoulizwa kuhusu macho akaambiwa ataandikiwa barua ya kwenda kutibiwa Unguja, akasema haendi. Akaulizwa tena, akasema haendi. Nilisoma jalada likiwa limenigeukia juu chini mezani, na mstari wa mwisho ulikuwa umeandikwa: mteja hana ushirikiano. Katika daladala la kurudi nyumbani hakunena neno, na usiku ule hakula. Mtu aliyekwenda kushitaki alirudi na shitaka juu yake mwenyewe.

Kwa hiyo afisa wa kituo hiki cha pili alipopiga simu kuomba kuja, sikuwa na matumaini makubwa. Nilichokitazama kwanza ni namna alivyoingia. Alipiga hodi, akasubiri mpaka aliposikia sauti ya shangazi mwenyewe ikimkaribisha, ingawa mimi nilikuwa nimeshamfungulia mlango. Alimwamkia, akauliza akae wapi. Shangazi alimwonyesha kiti, maana mgeni wa ofisi hupewa kiti, lakini yeye alipomwona shangazi yuko chini juu ya mkeka aliomba aketi chini pia, akajiweka pembeni, mahali ambapo hakuziba njia ya kwenda mlangoni. Mlango ukaachwa wazi. Baadaye aliniambia kuwa hilo hulifanya kila mara, kwa sababu mtu aliyewahi kupigwa au kufungiwa humsikiliza vizuri zaidi mgeni asiyesimama kati yake na njia ya kutokea.

Jambo la pili alilolifanya, kabla ya swali lolote, ni kueleza siri yake inafika wapi. Alisema, kwa maneno mepesi, kuwa atakayoyasikia hatayapeleka kwa sheha wala kwa ndugu bila ya ruhusa ya shangazi, isipokuwa akiona maisha yake au ya mtu mwingine yako katika hatari kubwa. Hapo atalazimika kuchukua hatua, na atamwambia yeye kwanza kabla ya kumwambia mtu mwingine. Nimeshakaa katika ofisi nyingi zilizoahidi siri kamili na baadaye maneno yakarudi mtaani. Huyu aliahidi kidogo zaidi, na nilimwamini zaidi.

Kipeperushi alichotuachia kilikuwa na maneno makubwa: huduma inayomweka mtu katikati na inayozingatia kiwewe. Nilimsomea shangazi. Akauliza, "Katikati ya nini?" Afisa akacheka, akasema, "Katikati ya mazungumzo, bibi. Tusije tukazungumza habari zako nawe umo pembeni." Nadhani jibu hilo lingefaa kuandikwa kwenye kipeperushi badala ya lile lililoandikwa.

Mazungumzo yenyewe yalichukua zaidi ya saa moja, na muda wote shangazi alikuwa akisuka ukili. Nilimwona afisa akiitazama ile mikono kuliko anavyoutazama uso. Maneno yalipokuwa ya kawaida, juu ya maji, kuni, jirani, mikono ilikwenda mbio. Kijana alipotajwa ikapunguza mwendo. Kisha afisa akasema, "Bibi, nimesikia kuwa Unguja hukutaka kwenda. Sitakuuliza kwa nini. Nataka kujua tu kama ipo njia ya kutibiwa macho ambayo wewe ungeiridhia." Mikono ikasimama kabisa. Mimi nilitaka kusema kitu. Afisa alinitazama mara moja tu, nikanyamaza. Halafu akaushika mwisho wa ule ukili, akauliza ukindu mpya unaungwa vipi bila ya kiungo kuonekana. Shangazi akamwonyesha. Akauunga mmoja, akauunga wa pili, na alipofika wa tatu, bila ya kuinua kichwa, akasema, "Mwanangu alizama na meli."

Kila Mpemba mwenye umri wa kukumbuka anajua ni meli gani. Mv Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, katika mkondo wa Nungwi, ikiwa njiani kutoka Unguja kuja Pemba na imejaa kupita kiasi. Binti wa shangazi alikuwemo, na maiti yake haikupatikana. Mtoto aliyemwacha ndiye kijana huyu huyu tunayemzungumzia. Mimi ni mtu wa nyumba ile, nilikaa katika matanga yale, na bado sikuwahi kuunganisha kukataa kwa shangazi kwenda Unguja na jambo hilo. Niliona ni ukaidi wa uzee. Nikajitia busara, nikamwambia basi apande ndege, ni dakika chache tu. Akanijibu, "Ndege nayo inapita juu ya maji yale yale."

Afisa hakuwa ameandika chochote mpaka hapo. Ndipo akaomba ruhusa ya kuandika, na akamsomea alichokiandika: bibi hasafiri kwa chombo cha baharini wala cha angani, na sababu anayo. Aliuliza kama sababu yenyewe iandikwe. Shangazi alisema isiandikwe, na haikuandikwa. Kuhusu kuieleza hapa nilimwomba idhini yake peke yake, na nitalirudia hilo mwishoni. Macho yalikuja kutazamwa na daktari wa macho hapa hapa kisiwani, kwa safari ya gari ambayo hata nusu siku haikufika. Matibabu ambayo ofisi ya kwanza iliyaona yamekataliwa yalikuwa yanakubalika tangu siku ya kwanza. Kilichokataliwa ni bahari.

Hapa ndipo nilipoelewa maana ya lile neno kiwewe, ambalo kabla ya hapo nililiona ni la makongamano. Mtu aliyepatwa na tukio kubwa la kutisha halibebi kama habari aliyoisoma. Mwili wake hulirudia. Usingizi unakatika, moyo unakwenda mbio kwa kishindo kidogo, mtu anakwepa mahali au sauti fulani bila ya kusema sababu, na watu wanaomzunguka humwita mkaidi, mkali au mzembe. Upepo wa kusi unapopiga mabati usiku shangazi haamki kusali tu, anakaa macho hadi alfajiri. Anayefanya kazi na mtu wa namna hiyo akimuuliza "una nini wewe?" atapata kimya au ugomvi. Akijiuliza "huyu amepatwa na nini?" ataanza kupunguza sauti, atamweleza kila hatua kabla ya kuichukua, atamwacha achague, na hatamlazimisha kusimulia mara ya pili yale aliyoyasimulia mara ya kwanza. Kituo hiki kilimtuma afisa yule yule katika ziara zote, isipokuwa moja ambayo nitaieleza. Shangazi hakurudia kisa chake kwa mtu mwingine.

Na sasa niseme langu. Mimi ni mwalimu wa skuli, nimezoea kujibu. Katika ziara ya kwanza na ya pili nilimjibia shangazi karibu kila swali, kwa mapenzi na kwa haraka. Nilikwenda na shauri langu tayari: kijana apelekwe polisi, na shangazi ahamie kwangu, na kama hataki, basi wazee wa ukoo walikuwa wameshazungumzia makao ya wazee ya Limbani. Afisa alinisikiliza kwa adabu, kisha katika ziara ya pili akaniomba, "Mwalimu, naomba nikae na bibi peke yetu kidogo." Niliona kama nimetolewa nje ya nyumba ya baba yangu. Nilikaa barazani nikisikia wanacheka ndani, na nilichukia. Aliponiita, shangazi alikuwa ameshasema anachokitaka. Alitaka kitambulisho chake kirudi mkononi mwake. Alitaka fedha azipokee mwenyewe. Alitaka kijana asimguse tena. Na alitaka kijana abaki pale nyumbani, kwa sababu ndiye aliyeachiwa na mwanawe.

Nilipinga. Nilisema mtu aliyesukumwa mpaka kiwiko kikavimba hawezi kuamua kukaa na aliyemsukuma. Afisa hakunijibu mimi. Alimwomba shangazi aeleze kwa maneno yake mwenyewe nini kinaweza kutokea kijana akibaki, na nini kinaweza kutokea akiondoka, na kama kesho akibadilisha mawazo atafanya nini. Shangazi alieleza yote, hata lile ambalo mimi sikulifikiria, kwamba kijana akifungwa atarudi siku moja, na atarudi nyumbani kwake yeye. Baadaye afisa alinifafanulia kuwa hivyo ndivyo wanavyopima kama mtu ana uwezo wa kuamua: anaelewa jambo, analishika akilini, analipima uzito, na anaweza kulieleza kwa njia yoyote ile. Akiyaweza hayo, uamuzi ni wake, hata kama sisi tunauona si wa busara. Kipimo hicho kinafanana neno kwa neno na kilichomo katika sheria ya Uingereza ya 2005 kuhusu uwezo wa kufanya uamuzi, na hata hivyo hakikuwa kigeni masikioni mwangu, kwani ndivyo mtu mwenye akili timamu anavyohukumiwa katika wasia na katika kuuza shamba. Tatizo letu ni kuwa tunampa mzee haki hiyo katika shamba, tukamnyang'anya katika maisha yake.

Mpango uliotoka hapo ulikuwa wa mambo madogo. Kitambulisho kilirudi siku ile ile, mbele ya afisa, na kijana alikitoa bila ya ubishi. Siku ya malipo shangazi angekwenda mwenyewe akifuatana na mtu mmoja aliyemchagua. Nilitarajia kuwa mimi. Alimchagua shoga yake wa kusuka ukili, wa nyumba ya pili, na sababu aliyoitoa ni kwamba yule hamuulizi amezitumiaje. Risiti za karafuu, zinapouzwa katika vituo vya ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar linalonunua karafuu, zingesomwa mbele yake na kuwekwa katika kasha lake. Walikubaliana pia juu ya alama ambayo jirani akiiona atajua kuwa mambo si mazuri ndani. Alama hiyo aliibuni shangazi mwenyewe, na ni wazi kwa nini siiandiki hapa. Polisi hawakufichwa. Afisa alimweleza kuwa kwenye vituo vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na kuwa katika hospitali kuna vituo vya Mkono kwa Mkono ambako daktari, polisi na mshauri hupatikana mahali pamoja, na kuwa akitaka kwenda huko leo au mwakani, atasindikizwa.

Lililonishangaza zaidi ni kuwa kijana naye alizungumzishwa. Si kwa kukaripiwa. Hilo ukoo ulikuwa umeshalifanya vya kutosha. Afisa alikaa naye mara mbili, chini ya mwembe, na sijui walisema nini kwa sababu hakuniambia. Najua tu kuwa kijana yule alikuwa na miaka sita mama yake alipokosekana, na kwamba katika utoto wake wote hakuna mtu aliyekaa naye kumuuliza juu ya mama yake, kwa kuogopa kumtonesha. Katika utafiti maarufu wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998, ambamo madaktari Vincent Felitti na Robert Anda walionyesha namna madhila ya utotoni yanavyofuatana na maradhi ya ukubwani, yaliulizwa makundi saba ya madhila, na kufiwa na mzazi hakumo katika hayo saba. Ingekuwa orodha hiyo imeandikwa hapa kwetu, nadhani ingeanza na bahari. Kijana sasa anafanya kazi kwa fundi wa pikipiki na ana siku zake mbaya bado. Kumsukuma bibi yake hajarudia.

Nilipata fursa ya kwenda ofisini kwao Chake Chake. Ukutani wamebandika misingi sita ya ulinzi wa watu wazima inayotumika Uingereza pamoja na Sheria ya Matunzo ya mwaka 2014: uwezeshaji, kinga, uwiano, ulinzi, ushirikiano na uwajibikaji. Chini yake ipo misingi mingine sita, ya huduma inayozingatia kiwewe, iliyotolewa mwaka 2014 na wakala wa serikali ya Marekani wa afya ya akili na uraibu uitwao SAMHSA, ambayo inaanza na usalama na uaminifu. Sina ugomvi na kuazima, na katika zote ule wa uwiano ndio niliouona ukifanya kazi kwa macho yangu: hatua isizidi ukubwa wa tatizo, wala isimpokonye mtu zaidi ya alichopokonywa na mdhulumu. Lakini kuna mahali nguo iliyoazimwa inabana. Uingereza sheria hiyo inaitwisha serikali ya mtaa wajibu wa kufanya uchunguzi pindi mtu mzima mwenye mahitaji ya matunzo anapokuwa hatarini. Hapa kwetu ipo Sheria ya Mambo ya Wazee ya 2020, na Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 16 kinataka watu hao wakingwe na unyonyaji, ukatili na udhalilishaji. Lakini katika shehia mtu wa kwanza kujua ni jirani, wa pili ni sheha, na wa tatu ni ukoo mzima. Muongozo wao umeandikwa kama kwamba mteja anaishi peke yake. Ulikuwa na ukurasa mmoja tu juu ya familia, wakati nyumbani kwa shangazi tulikuwa watu tisa tunaojiona tuna haki ya kusema. Afisa aliyaweza hayo kwa werevu wake na malezi yake, na sijui angefanya nini afisa mwingine mwenye karatasi zile zile.

Jibu nililipata katika ile ziara moja. Afisa wetu alikuwa kwenye mafunzo, akaja mwenzake, kijana mpole, aliyetoka mjini Unguja. Alikuwa na fomu. Aliisoma fomu tangu juu hadi chini, kwa Kiswahili cha kitabu, na shangazi, ambaye husema Kipemba chake, alijibu "ndiyo" kwa maswali yote, pamoja na lile lililouliza kama amewahi kulazwa kwa maradhi ya akili. Hajawahi. Fomu ikatiwa dole gumba. Ilituchukua wiki tatu kurekebisha. Fomu yenyewe ni ya kurasa nane, na sehemu ya ridhaa imeandikwa kwa lugha ambayo mimi, mwenye miaka zaidi ya 20 ya kufundisha Kiswahili, niliisoma mara mbili. Ridhaa ya dole gumba chini ya maneno ambayo mtu hakuyaelewa haina uzito wowote, na kituo kinachojivunia kumweka mtu katikati kingeanza kwa kuiandika upya karatasi hiyo.

Kasoro nyingine nitazipitia haraka. Simu ya kituo hupokelewa saa za kazi tu, na ugomvi wa nyumbani hauna saa za kazi. Ofisi ina ngazi nne mlangoni na haina njia ya kiti cha magurudumu. Hakuna mtu anayejua lugha ya alama. Niliuliza kiziwi akija wanafanyaje, nikaambiwa huja na ndugu yake, na ndugu ndiye anayeweza kuwa mdhulumu. Maafisa ni wachache mno kwa wilaya nne za Pemba, na ziara yetu ya tatu ilichelewa siku 11 bila ya taarifa. Kwa mtu mwingine siku 11 ni kuchelewa tu. Kwa shangazi, aliyeahidiwa na kuachwa mara nyingi, zilitosha kumfanya aseme kuwa hata hawa wamechoka naye, na afisa alipokuja ilimbidi aanze tena kwa kumwomba radhi, jambo ambalo nashukuru alilifanya bila ya kutoa visingizio.

Namna walivyofunga jalada nimeipenda na sikuipenda. Niliipenda kwa kuwa shangazi aliambiwa wiki sita kabla, akaulizwa kama yale aliyoyataka siku ya kwanza yamepatikana, moja baada ya jingine, na majibu yake ndiyo yaliyoandikwa kuwa matokeo. Kitambulisho, ndiyo. Fedha, ndiyo. Kutoguswa, ndiyo mpaka leo. Macho, jicho moja limetibiwa. Sikuipenda kwa kuwa baada ya hapo hakuna ziara tena mpaka tatizo lirudi, na msimu wa karafuu, wenye fedha na vishawishi, haujafika. Ningetaka ziara moja tu ya katikati ya msimu, hata ya nusu saa.

Kama ni alama, naipa huduma hii nne katika tano, na ile moja niliyoibakisha ni ya fomu na simu. Inamfaa zaidi mtu ambaye anajua anachokitaka lakini hajapata wa kumsikiliza. Kwa mtu aliye katika hatari ya kupigwa leo usiku haitoshi peke yake. Huyo apelekwe polisi na hospitali kwanza, na kituo kifuate. Ndugu mtakaokwenda na wazee wenu, jiandaeni kuombwa mtoke nje, na mkiombwa, tokeni.

Tathmini hii nilimsomea shangazi kabla ya kuitoa. Alisikiliza mpaka mwisho huku akisuka, akaniambia niondoe sehemu moja iliyomhusu kijana, nami nimeiondoa. Habari ya meli alisema ibaki. Kisha akanitaka niongeze la kwake, kwamba maafisa hao wanapenda kuja saa saba mchana, na saa saba mchana si wakati wa kwenda nyumbani kwa mtu. Waje asubuhi, kabla jua halijakausha ukindu.